Je, wajua kwa nini kodi ya nyumba ikipanda, mpangaji wa nyumba ya umma Marekani anaweza kuwekewa akiba?

Marekani, anayeishi kwenye nyumba ya umma, au anayelipiwa sehemu ya kodi kwa vocha ya serikali, kwa kawaida halipi bei ya soko. Hulipa takriban asilimia 30 ya mapato ya kaya yake baada ya makato fulani, kama ya watoto na gharama za malezi. Mpaka mwaka 1981 kiwango hicho kilikuwa asilimia 25. Utaratibu huu humsitiri asiye na kitu, ila una mwiba wake: ukipata kazi, kodi nayo inapanda. Katika kila dola 100 unazoongeza, kama 30 zinaishia kwenye kodi, na bado hujakatwa ushuru wala hujalipa nauli na mlezi wa mtoto.

Ndiyo maana mwaka 1990 ikapitishwa sheria iliyoanzisha mpango wa Family Self-Sufficiency, maarufu kama FSS. Mpangaji anasaini mkataba wa miaka mitano, anapangiwa malengo, na anapewa mratibu wa kumuunganisha na huduma: mafunzo ya kazi, masomo ya Kiingereza, malezi ya watoto, ushauri wa madeni. Mratibu hagawi ajira. Kazi yake ni kujua nani anatoa nini mjini na kuhakikisha mpangaji anapokelewa huko.

Hapa ndipo watu hupotoka. Wapo wanaodhani kwamba ukijiunga, kodi inagandishwa. Wengine hudhani mshahara unakatwa ili kuweka akiba. Wengine huogopa kujiunga kwa kuamini kwamba ukimaliza ni lazima uhame. Yote matatu si kweli. Dhana ya kodi kugandishwa ndiyo yenye madhara zaidi, kwa sababu anayeiamini hujipangia matumizi ya fedha ambazo hana, kisha anaingia kwenye malimbikizo ya kodi.

Ukweli ni kwamba kodi inapanda na mpangaji anailipa yote. Ila mamlaka ya nyumba, yaani shirika la umma linalosimamia nyumba hizo na vocha, nayo huweka kiasi kinacholingana na nyongeza hiyo kwenye akaunti ya amana kwa ajili ya kaya hiyo. Ni kama kibubu kilichowekwa kwa mamlaka hiyo: kila mwezi unapolipa kodi iliyoongezeka kwa sababu ya kazi, mamlaka inatumbukiza humo kiasi sawa na nyongeza, kwa fedha za serikali. Kibubu ni chako, lakini ufunguo inao mamlaka mpaka utimize ulichoahidi.

Tuchukue kaya ambayo siku ya kusaini ina mapato ya dola 12,000 kwa mwaka baada ya makato. Kodi yake ni dola 300 kwa mwezi. Baadaye mama anapata kazi kwenye jiko la hospitali, na mapato ya kaya yanafika dola 24,000. Kodi inakuwa dola 600, naye anazilipa zote. Tofauti ya dola 300 inaingizwa kwenye akaunti. Kwa mwaka ni dola 3,600. Kwa miaka minne ni 14,400, bila kuhesabu riba. Kinachohesabiwa ni ongezeko linalotokana na kazi. Pensheni ikipanda, kodi itapanda, lakini akaunti haitasogea kwa ajili hiyo.

Kutokana na hesabu hiyo, tarehe ya kusaini ina uzito mkubwa. Mapato ya siku hiyo ndiyo msingi wa hesabu zote zinazofuata. Mama yuleyule akisaini baada ya mshahara mpya kuingia kwenye hesabu ya kodi, msingi wake unakuwa dola 600 na akaunti inaanza na sifuri, ikisubiri nyongeza nyingine. Vilevile, mapato ambayo hayajaripotiwa na kuhakikiwa hayaongezi kodi, kwa hiyo hayaingizi chochote. Na yakigundulika, mpangaji anadaiwa.

Ili kukabidhiwa fedha, aliyesaini awe kazini na ametimiza malengo yake, na asiwepo yeyote katika kaya anayepokea msaada wa ustawi wa fedha taslimu. Msaada wa chakula na bima ya afya ya Medicaid havihesabiwi humo, jambo ambalo linafaa kuelezwa mapema kwa sababu watu hujitoa bure kwa hofu. Kukiwa na sababu ya msingi, mkataba huweza kurefushwa kwa muda usiozidi miaka miwili zaidi. Asipotimiza, fedha anazikosa. Kanuni za mwaka 2022 zinaelekeza zitumike kwa manufaa ya washiriki wa FSS.

Je, inafanya kazi? Hapa panahitaji uangalifu. Watu waliomaliza huonekana kufanikiwa, lakini wanaomaliza mara nyingi ndio waliokuwa na nguvu tangu mwanzo. Utafiti wa MDRC, shirika la utafiti wa sera za kijamii la Marekani, katika mamlaka 18 za nyumba uligawa familia kwa bahati nasibu, na kwa jumla haukukuta FSS ikiongeza ajira wala kipato. Akiba ilikuwepo kwa waliomaliza. Mshahara mkubwa zaidi haukuonekana. Mpango mwingine, Jobs-Plus, uliojaribiwa kuanzia mwaka 1998, ulipunguza makali ya kodi papo hapo na kuweka ofisi ya ajira ndani ya mtaa wenyewe. Katika maeneo matatu yaliyoutekeleza kikamilifu, Dayton, Los Angeles na St. Paul, kipato kilipanda kwa wastani wa asilimia 16 kwa miaka saba. Kwa maoni yangu, tofauti kubwa ni muda: nafuu inayoonekana kwenye kodi ya mwezi huu humsukuma mtu kuliko fedha za miaka mitano ijayo.

FSS ina dirisha moja la kupunguza tatizo hilo. Mamlaka inaweza kutoa sehemu ya fedha kabla ya mkataba kuisha, ikiwa mpangaji ametimiza malengo ya kati na anazihitaji kutimiza yaliyobaki, mfano ada ya chuo au matengenezo ya gari la kwendea kazini. Si haki ya moja kwa moja, kwa hiyo swali hilo liulizwe siku ileile ya kusaini: fedha hutolewa kwa mahitaji gani, na kwa vielelezo vipi?