Skapulari sio tiketi ya mbinguni, na Kanisa Katoliki halifundishi hivyo

Kuna ile meseji haiishi kuzunguka kwenye magrupu, eti Wakatoliki wanaamini ukifa umevaa skapulari au rozari unaingia mbinguni moja kwa moja hata kama umekufa na dhambi zako, kwa hiyo Yesu hawamhitaji. Jamani, si kweli.

Skapulari ya kahawia ni vipande viwili vidogo vya kitambaa cha sufu vilivyounganishwa kwa kamba, kimoja kinakaa kifuani kingine mgongoni. Iko kundi la visakramenti, yani ishara takatifu zilizowekwa na Kanisa, pamoja na rozari na maji ya baraka. Fungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kitabu cha mafundisho yake rasmi, namba 1670, utaona visakramenti havitoi neema kama sakramenti zenyewe (mfano ubatizo), vinamwandaa mtu tu kuipokea. Namba 1992 inasema tunahesabiwa haki kwa mateso ya Kristo. Halafu 2111 ndo wengi hawaijui, inasema kutegemea ishara ya nje peke yake bila moyo ni ushirikina, yani Kanisa lenyewe linakataza.

Watu wanachanganyikiwa kwa sababu skapulari nyingi zimeandikwa ahadi kwamba atakayekufa ameivaa hatapata moto wa milele, ukisoma hapo tu lazima ushtuke, na kweli wapo Wakatoliki wanaoivaa kama hirizi, inasikitisha.

Mlokole ana haki kabisa ya kupinga visakramenti, ila apinge kinachofundishwa kweli. Hiyo meseji ikikufikia usiiforwadi, aliyekutumia mpe hizo namba asome mwenyewe.