Je, wajua kwa nini Maarifa ya Jamii huingia zaidi yakianzia mtaani?

Muulize mtoto wa darasa la saba anayesoma Kariakoo, Dar es Salaam, akutajie sababu za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Atazitaja moja baada ya nyingine kama anayesoma orodha ya dukani. Kisha muulize kwa nini mtaa anaonunulia madaftari unaitwa Narung'ombe. Hapo atakutazama.

Niliwahi kuliuliza swali hilo darasani. Mvulana mmoja alisimama akajibu kwa kujiamini kabisa: "Mwalimu, hapo zamani walikuwa wanachinja ng'ombe." Darasa zima likamkubalia, na mimi sikumlaumu. Alikuwa amefanya alichoweza: kalipasua jina, kaona ng'ombe ndani yake, akatunga sababu. Kilichonisikitisha ni kwamba jibu la kweli lilikuwemo kwenye kitabu chake, sura ileile ya vita aliyokwisha kuikariri, na hakuna aliyemwambia kwamba viwili hivi vinahusiana.

Narung'ombe iko mkoani Lindi, upande wa Ruangwa. Julai 1917 jeshi la Waingereza na jeshi la Wajerumani yalipigana hapo. Mwezi uliofuata yakapigana Tandamuti, karibu na Lindi. Oktoba yakakutana Mahiwa, kwenye mapigano yaliyomwaga damu nyingi kuliko yote katika vita ile hapa Afrika Mashariki. Sasa tembea Kariakoo, usome vibao: Mtaa wa Narung'ombe, Mtaa wa Tandamti, Mtaa wa Mahiwa. Watu wanapatana bei ya vitenge na vyombo vya plastiki, na juu ya vichwa vyao yameandikwa majina ya viwanja vya vita. Waliokufa pale, pande zote mbili, wengi wao walikuwa Waafrika.

Na jina Kariakoo lenyewe? Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916. Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini, na vita ikawafuata huko. Kulisha jeshi linalopigana porini kulihitaji watu wa kubeba: unga, risasi, mahema, majeruhi. Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi kwa kazi hiyo, wakakiita Carrier Corps. Katika neno hilo la pili, herufi mbili za mwisho hazitamkwi, husikika "ko" tu. Kiswahili kikalimeza jina zima, kikalipa irabu zake, likatoka Kariakoo. Eneo walilopigia kambi likabaki na jina hilo hadi leo. Nairobi nako kuna Kariokor, jina lilelile lililopita kwenye vinywa vingine.

Hapo ndipo swali la "kwa nini" linapoanza kuzaa, na ndiyo sababu naupenda mfano huu kuliko mingine. Mtoto akishajua kwamba Kariakoo ni wapagazi, atauliza tu: kwa nini wabebe watu? Wanyama walikuwa wapi? Jibu linakutoa kwenye historia linakuingiza kwenye jiografia na sayansi. Sehemu kubwa ya nchi ilikuwa na mbung'o, na ng'ombe, farasi na nyumbu waliopelekwa huko walikufa kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mdudu huyo. Reli zilikuwepo, lakini ile ya kati ilitoka Dar es Salaam kwenda Kigoma, na ya kaskazini ilitoka Tanga kwenda Moshi. Hakuna iliyokwenda kusini, kulikokuwa na vita. Barabara za magari zilikuwa chache, na masika yakianza hata hizo huwa tope. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya binadamu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, na walioangushwa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko walioangushwa na risasi.

Tazama basi jina moja la mtaa limetoa nini: vita ya dunia, mdudu, reli, mvua, utawala wa kikoloni, na jinsi lugha inavyoazima maneno. Ukiyafundisha haya kila kimoja na sura yake, mtoto anayabeba kama mizigo sita isiyofungwa pamoja, na njiani ataangusha mitano. Ukiyafunga kwenye jina analolisikia kila siku konda wa daladala akiita "Kariakoo, Kariakoo!", yana pa kushikilia. Kumbukumbu ndivyo ilivyo: jambo jipya hudumu likipata jambo la zamani la kujishikiza. Na hakuna jambo la zamani ambalo mtoto analijua vizuri kuliko mahali anapoishi.

Wataalamu wa elimu wameliwaza hili muda mrefu. John Dewey, Mmarekani, alianzisha shule ya majaribio mjini Chicago mwaka 1896 akilalamika kwamba mtoto hapewi nafasi ya kutumia darasani anayoyajua nje, wala kutumia nje anayofundishwa darasani. Kwetu Mwalimu Nyerere alisema jambo linalokaribiana na hilo mwaka 1967 alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea: shule ya mkoloni ilimng'oa mtoto kutoka kwenye jamii yake. Naamini alikuwa sahihi. Ila katika shule nyingi wazo lile liliishia kwenye jembe. Watoto walilima shamba la shule, pengine kama adhabu ya kuchelewa, na hakuna aliyewauliza kwa nini udongo ule unafaa mihogo, ardhi ile ilikuwa ya nani kabla ya shule, au mazao yanauzwa wapi na kwa bei ya nani. Kazi ilifanyika, somo halikufanyika. Kusomea mahali si kutoka nje ya darasa tu. Ni kutoka na swali.

Mtu atasema: mbona mitaala yetu huanzia nyumbani? Kweli. Mtoto huanza na familia, anakwenda shule, kisha mtaa au kijiji, wilaya, mkoa, nchi, Afrika, dunia. Mpangilio wenyewe haukukosea mwanzo wake. Tatizo ni kwamba mtaa unafanywa ngazi ya kukanyaga na kuiacha. Ukishafika Afrika, mtaa unakuwa mambo ya watoto wadogo. Darasa la tatu anachora ramani ya njia ya kutoka nyumbani hadi shule, anawekewa alama ya vema, na mtaa wake hautajwi tena mpaka anamaliza. Mimi nasema arudishwe pale kila mwaka, na kila mwaka kwa swali zito zaidi. Darasa la tatu achore soko liko wapi. Darasa la tano aulize bidhaa zinatoka wapi na nani anazileta. Darasa la saba aulize kwa nini soko liko hapo na si kwingine, na nani aliamua. Soko Kuu la Kariakoo pekee linatosha maswali hayo: jengo la miaka ya 1970 lililobuniwa na Mtanzania, Beda Amuli, paa lake kama miavuli ya zege iliyopangwa pamoja, likaungua Julai 2021. Watoto wengi waliuona moshi ule kwa macho yao.

Wala usidhani jambo hili linahitaji mji mkubwa. Mtoto wa Korogwe au Muheza anaishi katikati ya mistari ya mkonge. Mmea ule si wa hapa. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, Marekani, na iliyofika hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo zikaota ekari kwa ekari za mashamba, na mashamba yakahitaji watu. Watu wakatolewa mbali, Kigoma na kusini, wakapewa namba, na Kiswahili kikafanya kazi yake tena: manamba. Mwulize mtoto wa pale kwa nini babu yake ni Muha wa Kigoma ilhali amezaliwa Tanga. Ukoo wake ndio sura ya uchumi wa kikoloni, na hahitaji kuikariri.

Kipindi cha namna hii kinakwendaje? Hakihitaji basi wala posho. Kipindi ni dakika 40, na mara nyingi kinachotafutwa kiko umbali wa kwenda na kurudi ndani ya muda huo. Swali linaandikwa ubaoni kabla ya kutoka, na kila mtoto anaandika jibu analolidhani, hata kama ni ng'ombe. Mnakwenda, mnasoma kibao, mnapima, mnachora. Mnamtafuta mzee wa mtaa, mnamwamkia, mnamwacha aseme mpaka amalize. Mkirudi, kazi ngumu ndiyo inaanza, na walimu wengi huiacha: mnalinganisha. Mzee kasema hivi, kitabu kinasema vile, mama anayeuza ndizi kasema la tatu. Majina ya mitaa yana hadithi nyingi, na nyingine ni tamu tu, si za kweli. Mtoto anayejifunza kumheshimu mzee na bado akamtafuta wa pili wa kumuuliza amejifunza kitu ambacho mtihani wa kuchagua herufi hauwezi kumpa.

Kuna jambo jingine la kuangalia, nalo ni somo la mtaa kugeuka kuwa la kuusifu tu. Mahali panafundisha pia kwa makovu yake. Nenda na watoto kwenye Sanamu ya Askari, katikati ya jiji. Imesimama pale tangu 1927. Kabla yake, kwenye makutano yale palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, na Waingereza wakaiondoa walipoingia. Mwenye nchi kabadilika, sanamu ikabadilika. Waache watoto wayasome maandishi yaliyo chini, wafike kwenye maneno yanayowataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha wainue macho. Aliye juu ni askari mwenye bunduki. Waulize kwa nini aliyechaguliwa kusimama juu ni yeye, na unyamaze. Nimewahi kusikia majibu ya watoto wa miaka 12 kwenye swali hilo yaliyonifanya nikae chini.

Darasa lile la ng'ombe tulifanya kitu kidogo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa wa kilo 25 hivi. Tulijaza ndoo ya lita 20 maji, hizo kilo 20, tukaweka kando mfuko wa unga wa kilo 5. Kila aliyetaka alijitwika ndoo, mwenzake akimshikia mfuko juu ya mfuniko, wakaenda kutoka goli moja hadi la pili. Waliofika walikuwa wachache, na waliofika walikuwa wanahema. Yule mvulana alifika, katua ndoo, kajifuta maji usoni kwa mkono wa shati. Tukafungua ramani tukaonyeshana Dar es Salaam ilipo na Narung'ombe ilipo, upande wa pili wa Mto Rufiji. Akaitazama muda mrefu.

"Na walikula nini, mwalimu?"

Kengele ilikuwa imeshalia. Kipindi kilichofuata kikaanzia hapo: kwenye unga wa mahindi waliopewa watu ambao wengine kwao walizoea chakula kingine, kupikwa harakaharaka jioni na watu waliochoka, kuni zikiwa mbichi na maji yakiwa machafu, na jinsi kuhara kulivyoua wapagazi kambi baada ya kambi.