"Mita 30" kwenye saa si ruhusa ya kuogelea

Wengi wanaoanza kukusanya saa huona mgongoni pameandikwa mita 30, wakaamini wanaweza kuzama nayo hadi kina hicho. Sivyo. Namba hiyo ni ya shinikizo la majaribio, saa ikiwa imetulia. Inahimili manyunyu na maji ya kunawa mikono, basi. Ya kuogelea iwe ya mita 100. Ya kupiga mbizi iwe imekidhi ISO 6425, kiwango cha kimataifa cha saa za wapiga mbizi.

Kinachozuia maji hasa ni pete nyembamba za mpira, chini ya mfuniko na kwenye kile kidude cha pembeni cha kurekebishia majira. Mpira huo hukauka na kupasuka kadiri miaka inavyopita. Ndiyo maana saa kuukuu, hata ya mita 200, mimi siitii majini kabla fundi hajaipima. Ukiona ukungu ndani ya kioo, ipeleke siku hiyo hiyo.