Mteja Akiridhia, Je, Mshauri Hana Kosa?

Dhana inayosikika zaidi ni kwamba mshauri nasaha na mteja wake ni watu wazima wawili, na kwa hiyo wakiridhiana kimapenzi hakuna aliyedhulumiwa. Wanaosema hivyo husahau yanayotendeka katika chumba cha ushauri, ambamo mteja hueleza hofu zake, aibu zake, ndoa yake na majeraha ya utotoni, ilhali mshauri hafichui lolote kuhusu maisha yake. Aliyekuja kwa sababu ameelemewa hawezi kumkatalia mshauri huyo kwa uhuru kamili. Mwaka 1975, mahakama jijini New York ilimtaka Renatus Hartogs, daktari wa magonjwa ya akili, amlipe fidia mgonjwa wake wa zamani ambaye alishiriki naye ngono kwa jina la matibabu. Jimbo la Minnesota nalo lilifanya tendo hilo kuwa jinai mwaka 1985, na ridhaa ya mteja si utetezi.

Wengine hudai kwamba mteja ndiye aliyeanza kumpenda mshauri. Huenda ni kweli, lakini Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya nafsi kwa mazungumzo, aliandika tangu mwaka 1915 kwamba mapenzi ya namna hiyo huzaliwa na matibabu yenyewe, si na mvuto wa tabibu, na kwamba tabibu hapaswi kuyaitikia. Kuyatambua na kuyabeba bila kuyatumia ni sehemu ya kazi anayolipwa kuifanya.

Si kweli pia kwamba vikao vikiisha kila mmoja yuko huru. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani hukataza uhusiano huo kwa angalau miaka 2, na hata baada ya hapo mtaalamu ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba hakuna unyonyaji; chama cha madaktari wa magonjwa ya akili wa huko hukataza kabisa, bila kikomo cha muda.

Kuna pia wanaoliona hili kuwa tatizo la Wazungu. Lakini mabadiliko ya sheria ya makosa ya kujamiiana ya Tanzania, mwaka 1998, yaliwataja bayana wafanyakazi wa hospitali na waganga wa kienyeji wanaotumia nafasi zao kubaka wanaotafuta tiba kwao.

Mara nyingi unyonyaji huu hauanzi kwa kuguswa. Vikao hurefushwa, huhamishiwa nje ya ofisi, mshauri huanza kusimulia shida zake mwenyewe, kisha huomba iwe siri. Mteja anayeyaona hayo ana haki ya kusitisha vikao, kuhifadhi ujumbe aliotumiwa na kumshtaki mshauri kwa chombo kinachosimamia taaluma yake, hata kama mwanzoni alikubali.