Ngoma za Kisukuma hazichezwi kila siku: mnayokosea mkipanga kuja Mwanza

Wiki hii nimepigiwa tena simu ileile. Mtu yuko Dar, tiketi ya ndege kashakata, anatua Ijumaa jioni na Jumapili asubuhi anaondoka, anachotaka ni kimoja tu, Jumamosi apelekwe Bujora akaone watu wanacheza na chatu. Mwezi wa kumi na moja! Nikimwambia siku hiyo hakuna ngoma anaona kama namzungusha ili aongeze hela. Kazi yangu ni kupangia wageni ratiba hapa Mwanza na hili jambo limenichosha kweli, kwa hiyo naliandika lote hapa ili wewe unayejipanga kuja usije ukachoma nauli yako bure.

"Bujora ukifika tu utakuta ngoma, siku yoyote"

Hapana. Bujora ni parokia na makumbusho ya Wasukuma, iko Kisesa wilaya ya Magu, barabara ya Musoma, si mbali na mjini. Siku ya kawaida utakachokuta ni makumbusho, na ni makumbusho ya maana sana, msiyadharau. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, ndo aliyeyaanzisha miaka ya 1950, na aliingiza Usukuma mpaka ndani ya kanisa lenyewe, jengo la duara kama nyumba ya Kisukuma. Kuna jumba lenye umbo la kiti cha enzi cha mtemi, humo ndani ndo zimehifadhiwa ngoma za watemi, na kuna sehemu inayoeleza habari za vyama vya wachezaji. Tenga nusu siku, chukua mwongozaji wa palepale, muulize maswali. Ila hizo ngoma za watemi zimetulia zilipo, hazipigwi kwa sababu mgeni kafika.

Ngoma ya kuchezwa ina msimu wake na msimu wenyewe unafuata shamba. Wasukuma ni wakulima na wafugaji, mvua zikianza mwishoni mwa mwaka watu wanaingia shamba, kuna pamba, mahindi, mpunga, palizi inasubiri, sasa nani aache palizi aje akurushie jembe hewani ili upige picha? Watu wakishavuna chakula na ardhi imekauka, kuanzia Juni hivi mpaka Agosti, hapo ndo vikundi vinatoka na vikitoka vinakuja kushindana.

Na hapa kwenye kushindana ndo penye utamu wote, ndo maana inaniuma mtu anapokuja msimu usio wake akarudi kwao anasema ngoma za Mwanza hazina lolote. Wachezaji wana pande mbili, Bagika na Bagalu. Upinzani wao umetoka mbali, karne ya 19, kwa waganga wawili waliokuwa wakigombea sifa, Ngika na Gumha. Kwa utaratibu wa asili pande zote mbili zinacheza muda mmoja, uwanja mmoja, huyu huku na yule kule, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Wewe uliyesimama pale na soda yako ndo kura yenyewe, ukihama kwenda upande wa pili umeshapiga. Kwa hiyo kila manju, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo, anahangaika kutafuta kitu cha kukufanya usiondoke, huyu kaleta chatu, yule kaleta sanamu la mbao linalotikisika kama mtu, mwingine anategemea maneno yake tu, anatunga papo hapo na kuwataja wapinzani mpaka uwanja mzima unalipuka.

Waangalie Bagobogobo, hawa wa majembe. Wanasimama kwenye mstari, kila mmoja na jembe lake la mkono, njuga miguuni, ngoma ikibadilika wanalirusha juu wote kwa pamoja, linazunguka hewani na bati lake linamulika jua, halafu linadakwa mpini bila mguu kukosea hata hatua moja. Asili yake ni nyimbo za kulima, watu wakilima kwa kikundi ili kazi iende. Ukiwa umesimama mbele kabisa vumbi lote ni la kwako, vaa viatu vya kufunga.

Sikukuu kubwa ni Bulabo, palepale Kisesa, na hii imefungamana na sikukuu ya Ekaristi ya Wakatoliki, na Ekaristi inahesabiwa siku 60 baada ya Pasaka, maana yake tarehe inahama kila mwaka. Mwaka 2025 iliangukia 19 Juni, 2026 ni 4 Juni, 2027 inarudi nyuma mpaka 27 Mei, na parokia nyingi huiadhimisha Jumapili inayofuata. Kwa hiyo fungua kwanza kalenda ya kanisa, halafu wapigie Bujora wenyewe wakuthibitishie siku za ngoma, ndo ukate tiketi, kwa mpangilio huo huo, sio kinyume chake kama mnavyofanya. Ukishindwa kabisa kuja msimu huo unaweza kuombewa kikundi kije kicheze kwa malipo, inawezekana, ila niambie mapema, wale ni watu wenye shughuli zao, sio asubuhi unaamka ndo unanitumia wasapu. Na beba noti ndogondogo za kutuza. Mtu kacheza na nyoka shingoni saa nzima halafu wewe unarekodi video na kuondoka, sio vizuri.

"Ukiacha ngoma za asili, Mwanza hakuna muziki, mji unalala mapema"

Huyu anayesema hivi alifikia hotelini akalala yeye. Fid Q, yule mwana hip hop, katokea mji huu huu. Shoo kubwa za bongo fleva zinajaza uwanja wa CCM Kirumba, wikiendi kuna bendi za laivu, na ukipanda daladala utakuta dereva kafungulia Bhudagala Mwanamalonja, anaimba Kisukuma na abiria wanaitikia. Ushauri wangu ni ule ule kila siku, njoo wikiendi ya mwisho wa mwezi watu wakiwa na mshahara, na usichukue chumba ukuta kwa ukuta na baa halafu saa nane usiku unanipigia kulalamika spika.

"Ziwa sio bahari, maji hayana chumvi, oga popote"

Hili sio la kuchukulia poa. Ziwa Victoria lina kichocho. Vimelea vinatoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji tulivu ya pembeni yenye majani, vinapenya ngozi ndani ya dakika chache na wala huhisi kitu, kwa hiyo kale kaufukwe kazuri kenye magugu ambako unataka kupigia picha ukiwa umezama mpaka magotini ndo penyewe. Kama umeshaingia, usikimbilie kumeza dawa siku hiyo hiyo, prazikuanteli inaua minyoo iliyokomaa, subiri wiki 6 mpaka 8 ndo ukapime na umwambie daktari uliingia Ziwa Victoria, maana daktari wa mikoa ya mbali na ziwa anaweza asiwaze kabisa kitu hicho. Kuogelea, nenda kwenye bwawa.

Na boti bila boya la kujiokolea usipande, hata kama mwenye boti anakwambia ni hapo tu. Kanda hii ilizika watu wengi mno meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996 na kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018. Ukiona chombo kimejaa, shuka, kesho kipo kingine.

Haya mengine nayapitia haraka

Mwanza sio joto kama Dar. Tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, jua la mchana linachoma lakini usiku upepo wa ziwa unapoa, mwezi wa sita na wa saba utatafuta sweta.

Saanane ni hifadhi ya taifa kweli tangu 2013, lakini ni kisiwa kidogo, kinapita kilomita 2 za mraba kidogo tu. Boti inachukua dakika chache kutoka Capri Point. Utaona swala, pimbi na mawe mazuri sana, ni ya asubuhi moja, usiwaahidi watoto Serengeti nzima.

Serengeti yenyewe geti la Ndabaka lipo kama kilomita 140 kutoka hapa kwa lami, kwa hiyo hakuna haja ya kuzunguka Arusha kwanza. Na nyumbu huwa upande huu wa magharibi kati ya Mei na Julai, yaani ule ule wakati wa Bulabo, unapata vyote kwenye safari moja.

Foleni ya kivuko cha Busisi mnayoiogopa mkitokea Geita au Bukoba imekwisha. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa 19 Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, mnapita na gari lenu moja kwa moja.

Na sio mabasi yote yanaishia stendi ya Nyegezi. Ukitoka Dar au Shinyanga unashuka Nyegezi, ukitoka Musoma au Sirari unashuka Nyamhongolo, huku ni mwisho wa mji na kule ni mwisho mwingine, mwambie anayekupokea stendi ipi kabla hajatoka nyumbani. Kama umekuja kwa ajili ya ngoma tu, tafuta gesti upande wa Nyamhongolo au Igoma, asubuhi unapanda daladala ya Kisesa unafika Bujora kabla jua halijawa kali, na nafasi ya mbele uwanjani bado ipo.