Limbo ni nini, na kwa nini siku hizi haitajwi kanisani?

Kwa karne nyingi, mzazi Mkatoliki aliyeuliza mtoto wake mchanga aliyekufa kabla ya kubatizwa ameenda wapi, alijibiwa: limbo. Si mbinguni, si motoni, wala si toharani. Limbo ni mahali, au tuseme hali, pembezoni mwa Jehanamu, ambako mtoto hateswi lakini hamwoni Mungu, na hali hiyo haina mwisho. Neno lenyewe hulikuti katika Biblia, na hakuna mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) uliowahi kulitangaza kuwa fundisho la lazima la imani. Hata hivyo lilifundishwa kwenye katekisimu na kuwakosesha usingizi akina mama wengi.

Chanzo chake ni mabishano ya Afrika ya Kaskazini. Mwanzoni mwa karne ya 5, Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alikuwa akipambana na wafuasi wa mtawa Pelagio, waliosema mtoto huzaliwa safi, bila kurithi dhambi ya Adamu. Augustino akawabana: kama hana dhambi, mnambatiza wa nini? Alikuwa na Warumi 5:12, kwamba dhambi iliingia ulimwenguni kwa mtu mmoja, na Yohana 3:5, kwamba mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho hawezi kuuingia ufalme wa Mungu. Akaunganisha. Kila mtu huzaliwa na dhambi ya asili, ubatizo ndio unaoiondoa, na kati ya ufalme na adhabu hakuna mahali pa tatu. Basi mtoto asiyebatizwa huenda kwenye adhabu, ingawa yake ni nyepesi kuliko zote.

Wengi humwona Augustino kuwa mtu asiye na huruma. Si haki. Mwaka 415 alimwandikia Yeronimo, mfasiri wa Biblia, akikiri kwamba kila akifika kwenye adhabu ya watoto wachanga anabanwa pande zote na hana jibu. Alibanwa, lakini hakulegeza hoja. Waliokuja baada yake ndio waliotafuta upenyo.

Upenyo ulipatikana katika karne ya 12 na ya 13. Abelard, mwanateolojia Mfaransa, alisema adhabu ya mtoto ni giza tu la kumkosa Mungu. Mwaka 1201 Papa Inosenti III aliandika kwamba adhabu ya dhambi ya asili ni kutomwona Mungu, ilhali mateso ya moto ni ya dhambi alizotenda mtu mwenyewe. Kisha Thoma wa Akwino, mwanateolojia maarufu wa karne ya 13, akaja na mfano: hakuna mwenye akili timamu anayehuzunika kwa sababu hawezi kuruka kama ndege, na vivyo hivyo mtoto hahuzuniki kwa kukosa kitu kilicho juu ya maumbile yake. Baadaye akaenda mbali zaidi: mtoto hata hajui amekosa nini, kwa hiyo ana furaha yake ya kimaumbile. Hiyo ndiyo limbo iliyokomaa. Waliogoma kulegeza walikuwepo pia. Gregory wa Rimini, mwanateolojia wa karne ya 14, aliushikilia msimamo mkali wa Augustino hadi akabatizwa jina la mtesaji wa watoto wachanga.

Kwa hiyo limbo ilizaliwa kama huruma. Ilimtoa mtoto motoni bila kuigusa kanuni ya ubatizo. Ila huruma ya darasani haikumfikia mama aliyefiwa, kwa sababu alichosikia yeye ni kwamba hatamwona mwanawe tena, hata akifika mbinguni.

Tazama watu walivyohangaika. Huko Oberbüren, katika jimbo la Bern nchini Uswisi, palikuwa na kanisa la Bikira Maria ambako wazazi walipeleka watoto waliozaliwa wafu. Mwili mdogo uliwekwa karibu na makaa na mishumaa upate joto, na juu ya midomo ukawekwa unyoya mwepesi. Unyoya ukitikisika, ilihesabiwa kuwa mtoto amevuta pumzi, akabatizwa papo hapo, kisha akazikwa kama Mkristo. Askofu wa Konstanz alilalamikia desturi hiyo kwa Papa mwaka 1486. Hewa ya moto hutikisa unyoya, hilo hata mtoto wa shule analijua, na sidhani wazazi wale hawakulijua. Walihitaji mtu wa kanisa aseme "amepumua". Miaka mia tano baadaye wanaakiolojia walichimba mahali pale wakakuta mifupa ya watoto wachanga mingi mno.

Ireland nako watoto wasiobatizwa walizikwa nje ya makaburi ya kanisa, katika viwanja vidogo kando ya mashamba na pwani, mara nyingi usiku, bila padri. Desturi hiyo iliendelea hadi karne ya 20. Sheria ilikuwa upande wake: Kodi, yaani mkusanyo wa Sheria za Kanisa, ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kanisa waliokufa bila ubatizo, isipokuwa wakatekumeni, yaani waliokuwa wakijiandaa kubatizwa. Nayo katekisimu ya Papa Pio X ya mwaka 1905 ilitaja limbo bila kusita.

Waprotestanti waliikataa limbo mapema, ingawa swali lenyewe hawakulikwepa, maana wengine waliishia kubishana ni watoto gani walioteuliwa na Mungu. Waorthodoksi hawakuwahi kuihitaji, kwa kuwa hawafundishi kwamba mtoto hurithi hatia ya Adamu. Waislamu, ambao kwao kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani maumbile safi, swali hili halina pa kuanzia.

Kilichobadilika ni nini? Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 1261, haitaji limbo kabisa. Inasema Kanisa linawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, na inakumbusha maneno ya Yesu: "Waacheni watoto wadogo waje kwangu." Tarehe 20 Aprili 2007, Tume ya Kimataifa ya Teolojia, chombo cha ushauri cha Vatikano, ilitoa hati, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, ikisema kuna misingi ya kutumaini kwamba watoto hao wanaokolewa. Magazeti yaliandika kwamba Papa amefuta limbo. Hakufuta. Hati yenyewe inasema limbo inabaki kuwa maoni yanayoruhusiwa, ila inaubana mno wokovu. Mojawapo ya hoja zake ni ya zamani na nyepesi kuelewa: watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode hawakubatizwa kwa maji, na Kanisa huwaadhimisha kama watakatifu kila Desemba 28.

Hapa anayehoji mafundisho ya Jehanamu ana haki ya kusimama. Maandiko ni yaleyale aliyoyasoma Augustino, hakuna aya iliyoongezwa. Kilichokua ni ugumu wa waumini kukubali kwamba Mungu mwenye haki humfungia nje mtoto asiyetenda kosa, na hati ya 2007 inautaja ugumu huo waziwazi. Mimi naona hilo ni jambo la heshima kwa Kanisa, lakini linafungua mlango. Kama dhamiri inaruhusiwa kuuliza juu ya mtoto, haiwezi kuzuiwa kuuliza juu ya mtu mzima aliyekufa bila kusikia jina la Kristo. Kwetu swali hilo lina sura ya babu na bibi: wamisionari walipofika wakihubiri wokovu, wengi walitaka kujua wazee waliolala kabla yao wako wapi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulijibu mwaka 1964, katika hati yake juu ya Kanisa, Lumen Gentium, namba 16, kwamba wasioijua Injili bila kosa lao, wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri, wanaweza kuupata wokovu.

Kwa mzazi aliyefiwa leo, sheria nayo imegeuka. Kanuni 1183 ya Kodi ya mwaka 1983 inamruhusu askofu kutoa kibali cha maziko ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza, na Misale, kitabu cha sala za misa, ina sala za misa kwa ajili yake. Kibali huombwa kupitia paroko.