Gari la tatu haliongezi mshindani

Kila timu moja ya langalanga (Formula 1) inapoanza kushinda mfululizo, hoja ileile hufufuka: kila timu ipewe gari la tatu. Mstari wa kuanzia utajaa, chipukizi watapata viti, ushindani utapanda. Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu anayelipwa kuchambua mbio hizi, na uvumilivu umeniishia. Mimi kazi yangu ni kupanga mikakati: nani aingie piti (kituo cha kubadilishia matairi), mzunguko wa ngapi, avae matairi gani. Nitajibu kutoka kwenye kiti hicho, kwa sababu hoja hii humpendeza zaidi mtu ambaye hajawahi kukikalia.

Historia kwanza, haraka. Wazo hili lina umri sawa na ubingwa wenyewe. Silverstone mwaka 1950, mbio ya kwanza ya ubingwa wa dunia, Alfa Romeo walileta magari manne. Farina, Fagioli na Parnell wakashika nafasi tatu za mwanzo. Fangio, aliyekuwa kwenye gari la nne, hakumaliza. Aintree mwaka 1955, Mercedes wakamaliza wa kwanza hadi wa nne. Spa mwaka 1961, Ferrari wakafanya vilevile. Anayedai kwamba timu yenye magari mengi huleta ushindani aanze kwa kuyaeleza matokeo hayo. Mara ya mwisho timu kuanza mbio na magari matatu ilikuwa Nürburgring mwaka 1985, Renault walipompa François Hesnault gari la ziada lililofungwa kamera. Klachi ikaharibika, akaachia njiani.

Halafu hesabu. Pointi hutolewa kwa magari kumi ya kwanza. Timu tatu zenye kasi zikiwa na magari mawili mawili na mambo yao yakaenda sawa, zinachukua nafasi sita. Wengine wote wanagombania nne. Wape magari matatu matatu: nafasi tisa zimekwenda, na timu zote zilizobaki zinagombania pointi moja. Timu ndogo ya Marussia iliwahi kupata pointi 2 kwa nafasi ya tisa ya Jules Bianchi pale Monaco mwaka 2014, na pointi hizo mbili zikawaweka juu ya Sauber, waliomaliza msimu bila hata moja. Msimamo wa timu ndio unaogawa fedha. Ifute nafasi ya tisa, na timu ndogo haina tena sababu ya kumwambia mfadhili asubiri mwaka mwingine. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo, Caterham na Marussia walipoanguka na mbio za Austin zikaanza na magari 18, dawa iliyotajwa kwa sauti kubwa ilikuwa hiyohiyo ya gari la tatu. Yaani timu ndogo zikifa, kubwa zipewe nafasi zao, ili ndogo zilizobaki nazo zife vizuri.

Wapo wanaosema: basi gari la tatu lisipewe pointi. Sawa, na nafasi linayoshika nani anaihesabu? Monza mwaka 1984 Jo Gartner alimaliza wa tano na Gerhard Berger wa sita, hawakupata kitu kwa sababu timu zao zilikuwa zimesajili gari moja tu kwa msimu mzima, na pointi hizo hazikushushwa kwa waliofuata. Zilipotea hewani. Ukizishusha kwa wa nyuma, mtazamaji anaona dereva wa tisa akilipwa kama wa saba. Tena tatizo langu kubwa halihusu pointi. Gari lisilotafuta pointi ndilo la hatari kuliko yote, kwa sababu halina cha kupoteza.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, maana ndipo wachambuzi wanapopita mbio.

Kusimama piti kunagharimu takriban sekunde 20 kwenye viwanja vingi, ukihesabu kuingia, kusimama na kutoka. Matairi mapya yanaweza kukurudishia sekunde moja au mbili kwa mzunguko mwanzoni. Nikiwa nyuma yako kwa sekunde mbili na nikaingia kabla yako, naweza kukuruka. Kinga yako ni kuingia mzunguko unaofuata. Nikiwa na magari mawili nyuma yako, nawaza tofauti: la kwanza naliingiza mapema. Ukilijibu, la pili linabaki uwanjani, linaingia baadaye, na mwishoni linakuja na matairi mabichi wakati yako yamechoka. Usipolijibu, la kwanza limekuruka. Wewe una gari moja, mimi nina maswali mawili, na huwezi kuyajibu yote.

Abu Dhabi mwaka 2010 ilionyesha jambo hili wazi. Alonso wa Ferrari aliingia siku ile akiongoza msimamo, na waliokuwa wakimfuata, Webber na Vettel, walikuwa wote wa Red Bull. Webber akaingia piti mapema sana. Ferrari wakamjibu mizunguko michache baadaye. Wakafanikiwa kumzuia Webber, ila Alonso akatokea nyuma ya Vitaly Petrov wa Renault, ambaye alikuwa ameshabadilisha matairi mwanzoni kabisa nyuma ya gari la usalama (linalotangulia na kupunguza mwendo wa wote baada ya ajali) na hakuwa na haja ya kusimama tena. Alonso alikaa nyuma ya gari lile hadi bendera. Petrov wa sita, Alonso wa saba, Webber wa nane. Vettel mbele kabisa, bingwa wa dunia. Sisemi Webber alitumwa kama chambo. Kwa Ferrari uzito ulikuwa uleule.

Sasa mtazame Petrov. Hakuwa na deni kwa Alonso wala kwa Vettel. Alikuwa anaitetea nafasi yake ya sita, na kwa sababu hiyo kila mzunguko ulikuwa na maana. Mweke pale dereva wa gari la tatu la Ferrari: anaambiwa asogee, Alonso anapita kwenye kona inayofuata, pengine ubingwa ni wake. Mweke pale dereva wa gari la tatu la Red Bull: anaambiwa azuie, na hadi leo tungekuwa tunabishana kama ubingwa ule ulikuwa halali. Mbio zilizoamuliwa na Petrov zilikuwa mbio kwa sababu Petrov alikuwa wa timu nyingine. Wanaodai gari la tatu wanahesabu magari. Mimi nahesabu wanaoamua. Magari 30 ya timu kumi bado ni vichwa kumi.

Ndiyo maana nasema gari la tatu litakuwa kete. Halihitaji hata kasi. Linahitaji kuwa mahali ambapo mpinzani atatokea piti, kisha lipunguze mwendo kwa sekunde moja kwa mzunguko kwenye kona ambazo hakuna anayeweza kupita. Sergio Pérez wa Red Bull alifanya hivyo Abu Dhabi mwaka 2021: akamshikilia Hamilton wa Mercedes hadi mwenzake Verstappen akarudisha sekunde kadhaa, kisha akampisha. Ilikuwa kazi safi na halali. Marufuku ya amri za timu, iliyoletwa baada ya Ferrari kumwamuru Barrichello ampishe Schumacher Austria mwaka 2002, iliondolewa mwaka 2011. Pérez alifanya hivyo akiwa na mbio zake mwenyewe za kupoteza. Dereva wa tatu asiyegombania chochote atafanya hivyo kila wiki. Na Singapore mwaka 2008, Nelson Piquet Mdogo aliligonga gari la Renault ukutani makusudi ili Alonso, mwenzake wakati ule, anufaike na gari la usalama. Hiyo ilikuwa timu ya magari mawili.

Nisieleweke vibaya kuhusu watu wa kazi yangu. Ukinipa gari la tatu nitalitumia hivyo, tena bila kusitasita, kwa sababu nalipwa kushinda. Ndiyo sababu sitaki kupewa.

Huambiwa: mbona Red Bull tayari wana timu mbili? Kweli, wanazo tangu walipoinunua timu ya Minardi, na Singapore mwaka 2024 Daniel Ricciardo wa timu hiyo ya pili alichukua mzunguko wa kasi kuliko wote mwishoni mwa mbio, akamnyima Norris wa McLaren pointi moja ya ziada iliyotolewa wakati ule kwa mzunguko huo, pointi iliyokuwa na thamani kwa Verstappen. Sina jibu la kuridhisha hapa. Lakini timu ile ya pili hutengeneza gari lake, ina mhandisi wake, mpanga mikakati wake na msimamo wake wa kulinda, na ilishinda Monza mwaka 2008 na tena mwaka 2020. Gari la tatu halishindi mbio ambazo ndugu zake wawili hawataki lishinde.

Sasa piti yenyewe. Kila timu ina nafasi moja ya kusimamia na kikosi kimoja cha watu takriban 20. Gari linasimama sekunde mbili na nusu hivi. Gari la usalama likitoka, magari yote yamebanana na kila mtu anataka kuingia. La kwanza linahudumiwa, la pili linasubiri nyuma yake, mafundi wanatupa matairi ya zamani pembeni na kuinua mengine ambayo yametolewa tu kwenye blanketi za joto. Magari mawili yakipishana kwa sekunde tano yanapita bila hasara. Matatu yaliyobanana hayapiti. La tatu litasimama nyuma ya wenzake likitazama magari manne au matano ya timu nyingine yakipita. Sakhir mwaka 2020 Mercedes waliita magari yao mawili kwa pamoja. George Russell, aliyekuwa akiongoza, akatoka na matairi ya mbele yaliyotengewa Valtteri Bottas, na Bottas akarudishwa uwanjani na matairi yake ya zamani. Hao walikuwa timu bora duniani wakati ule, wakiwa na magari mawili. Ongeza kikosi cha pili na nafasi ya pili, wanasema. Wapi? Njia ya piti ya Monaco tayari imebanwa na kuta, na sheria inaweka kikomo cha wafanyakazi wanaoruhusiwa kugusa magari wikendi ya mbio.

Na nani atakayekaa kwenye hilo gari linalosubiri? Chipukizi. Kijana yuleyule ambaye hoja hii inadai kumsaidia. Matokeo yake yatasomeka wa 14, wa 16, wa 15, na mwisho wa msimu mtu ambaye hakuangalia piti atasema hana kasi. Oliver Bearman alipewa gari la Ferrari ghafla Jeddah mwaka 2024 kwa sababu Carlos Sainz alikuwa na ugonjwa wa kidole tumbo. Akamaliza wa saba. Aling'ara kwa sababu alipewa kiti halisi, na mkakati uliopangwa kwa ajili yake.

Kuhusu gharama sitakaa sana. Kikomo cha bajeti kilichoanza mwaka 2021 kwa dola milioni 145 kinagusa vipuri, na gari la tatu ni sakafu, mabawa na giaboksi za tatu. Ukikipandisha kikomo, anayeweza kulipa ni yuleyule mkubwa.

Huwa nakutana pia na mfano wa Le Mans, mbio za saa 24, na hapa nakiri kwamba naona raha ya gari la tatu waziwazi. Mwaka 2011 Audi walipoteza magari mawili kwa ajali mbaya na la tatu likashinda kwa chini ya sekunde 14 baada ya saa 24. Mwaka 2015 gari la ziada la Porsche, lenye Hülkenberg, Bamber na Tandy, liliwashinda ndugu zake. Mwaka 2025 gari la manjano la Ferrari namba 83 lilishinda mbele ya magari mawili ya kiwanda. Napenda mbio hizo. Lakini saa 24 zinaharibu magari, na la ziada pale ni bima. Langalanga huchukua saa moja na nusu, na magari ya siku hizi hayafi ovyo. Bima isiyohitajika itatafutiwa kazi nyingine. IndyCar, mbio za Marekani, nako timu kubwa huendesha magari matatu, lakini wote hununua fremu ya kampuni moja, Dallara. Timu ya nyuma inaweza kumpata wa mbele kwa akili ya siku moja. Kwetu kila timu hubuni gari lake, na pengo la gari linazidishwa kwa idadi ya magari.

Linalonifanya nisite ni Ijumaa. Kuanzia mwaka 2004 hadi 2006, timu zilizokuwa nje ya nne bora za mwaka uliotangulia ziliruhusiwa gari la tatu kwenye mazoezi ya Ijumaa pekee. Robert Kubica alianzia hapo na BMW Sauber mwaka 2006, akapanda kiti cha mbio mwaka huohuo, na Sebastian Vettel akachukua nafasi yake ya Ijumaa. Hakuna aliyezuiwa, hakuna aliyenyang'anywa pointi, timu ndogo zikapata data ya matairi bure, na dunia ikapata bingwa wa baadaye. Ningeirudisha kesho, ingawa ina tundu: McLaren walikuwa wa tano mwaka 2004, wakaipata nafasi hiyo mwaka 2005 na kushinda mbio kumi. Kwa hiyo ningeiweka kwa timu nne za mwisho tu, na vipuri atakavyovunja kijana huyo Ijumaa vihesabiwe nje ya kikomo cha bajeti. Hapo kwenye vipuri bado sijapata namna ya kumzuia mjanja asijaribie bawa jipya akisingizia ni mazoezi ya kijana, na mwenye sheria iliyonyooka namkaribisha aiandike.